Jasho la Mjomba

Injinia alisimama nje ya gereji ya daktari wa meno akisikiliza ubishi kwa raha zake zote. Ndani kulikuwa na watu wanne wenye magitaa manne ya besi, na hakuna aliyekuwa akipiga. Walikuwa wanabishana iwapo besi inatakiwa kunguruma au kukoroma. Ubishi ulipopoa walipiga wimbo mmoja, wakaukatiza katikati, wakarudi kwenye ubishi kwa nguvu mpya.

"Hawa hawataki muziki," Injinia alijisemea. "Hawa wanataka sauti." Na mtu anayetaka sauti, kwa hesabu za Injinia, ni mtu ambaye mfuko wake hauna zipu.

Tuseme mapema kwamba hakuwa injinia wa kitu chochote. Jina alipewa na watu aliowauzia redio zilizoongea siku ya kwanza tu, na wao hawakulitaja kwa heshima. Lakini besi aliijua. Mjomba wake, ndiye aliyemlea, alipiga besi kwenye bendi ya dansi mpaka vidole vikaota sugu, na alipofariki alimwachia gitaa moja jeusi lililochubuka kila mahali. Hiyo ndiyo mali pekee ambayo Injinia hakuwahi kuitafutia mnunuzi.

Jumamosi iliyofuata alirudi na gitaa hilo mgongoni na begi mkononi, akabisha hodi kwa uso wa mtu aliyetumwa na wizara.

"Samahanini, wakubwa zangu. Nilipita hapa juzi nikasikia besi inalia. Nikasema hapana, humu ndani mna mgonjwa."

Daktari wa meno alishtuka. Alizoea kuwapa wengine habari mbaya, si kupewa. "Mgonjwa? Gitaa langu hili ni jipya!"

"Ndio ugonjwa wenyewe, Daktari."

Ilikuwa bendi ya ajabu kidogo. Daktari alianza kwa kununua besi. Rafiki yake Wakili akanunua besi ya bei zaidi ili asidharauliwe, na Meneja wa benki akaja na yenye nyuzi tano ili awadharau wote wawili. Wa mwisho kujiunga alikuwa shemeji yake Daktari, mdogo wa mkewe, muuza bima ambaye kila mtu alimwita Bi Bima. Kwa hiyo walikuwa na besi nne, hawana mwimbaji, hawana ngoma, na kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake abadilishe chombo.

Injinia akatoa begini kisanduku cheusi, chenye tundu la waya huku na tundu la waya kule, na kitaa chekundu juu. Ndani yake mlikuwa na betri ya kuwasha kitaa, waya uliopita moja kwa moja, na kokoto iliyogandishwa kwa gundi. Kokoto ndiyo iliyofanya kazi kubwa, maana msomi haamini kitu chepesi.

"Hiki huivisha sauti," alisema. "Lakini kisifunguliwe. Joto likishatoka halirudi."

Daktari akachomeka, akapiga noti moja, akafumba macho. Injinia naye akafumba, kwa adabu.

"Kuna... kuna unene," alisema Wakili.

"Tena unene wenye kiuno," alisema Meneja, hakutaka kupitwa.

Bi Bima alipiga yake bila kisanduku, akapiga tena nacho, akainua mabega. "Mimi sisikii tofauti yoyote."

Daktari akamshika bega kwa huruma. "Shemeji, sikio hukomaa taratibu. Wala usijilaumu."

Ajabu ni kwamba Injinia hakutaka pesa. Pesa, alieleza, huchafua sauti. Alichotaka ni kubadilishana tu, awapunguzie mizigo inayoziba joto. Daktari akatoa ile spika kubwa ya gereji, ambayo wote wanne waliichomekea. Wakili akatoa gitaa lake la akiba, na Meneja akatoa lake la zamani ambalo lilikuwa zuri kuliko jipya. Kila mmoja akapokea kisanduku chake kwa mikono miwili.

"Na bila spika tutasikia nini?" aliuliza Bi Bima.

"Sauti ya kweli, dada yangu, huanzia kifuani."

"Kabisa," alisema Wakili, mtu ambaye mahakamani hakubali hata kwamba jua limechomoza mpaka aletewe shahidi.

Kabla hajaondoka wakamwomba awapigie kidogo. Hapo ndipo Injinia alipokosea, kwa sababu alipiga vizuri. Gitaa jeusi lilitoa sauti ya chini, pana, isiyo na haraka, na gereji nzima ikasahau kubishana. Wakili akauliza ni nyuzi za aina gani.

"Za mjomba," alisema Injinia. "Hazijabadilishwa hata mara moja. Wala kufutwa. Jasho lake limo humu humu. Sasa nikizitoa..." Maneno, ambayo siku zote humtoka kama maji ya bomba lililopasuka, yakakatika. "Nikizitoa, basi tena."

Wanaume watatu walitikisa vichwa wakidhani ni sehemu ya biashara. Bi Bima aliacha kukunja waya wake. Kazi yake yote ni kukaa mbele ya mtu na kumuuliza ni kitu gani kikipotea atalia. Wengi humtajia nyumba, na nyuso zao hubaki kavu. Huyu alimeza mate.

Gari la kukodi likaja, nalo lilikuwa dogo. Spika ilijaza kiti chote cha nyuma, magitaa mawili yakalala juu yake, na mbele ikabaki nafasi ya Injinia aliyekunja magoti. Angeweza kwenda na kurudi mara ya pili. Lakini mtu akishakupa spika yake kwa kisanduku cha kokoto, humpi nafasi ya kufikiri.

"Liache gitaa lako, nitalitunza," alisema Bi Bima kwa upole. "Jumatatu upitie ofisini kwangu."

Injinia aliangalia spika, akaangalia gitaa, akaangalia tena spika. Tamaa ikapiga kura mara mbili. Akaliacha.

Ofisi ya bima ilikuwa ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa imelala. Injinia alifika anahema, akalipakata gitaa lake, akapitisha kidole kwenye nyuzi. Kidole kikateleza. Nyuzi zilikuwa zinang'aa kama vijiko vya wageni. Akapiga noti, akaisikia kali na changa.

"Umelifanya nini?"

"Nimekuwekea nyuzi mpya, kaka. Zile zilikuwa chafu mno."

Injinia akakaa kwenye kiti cha wateja. "Za mjomba ziko wapi?"

Bi Bima akafungua kopo la peremende. Ndani mlikuwa na nyuzi nne nyeusi, zimekunjwa vizuri. Injinia akanyoosha mkono, kopo likafungwa.

"Bima hulipwa kabla ya kupoteza," alisema Bi Bima. "Wewe umechelewa, kwa hiyo itakugharimu zaidi. Nataka spika ya shemeji yangu. Na magitaa yote mawili."

Injinia akavaa tabasamu lake la kazini. "Dada yangu, na wewe! Mambo ya jasho ni maneno ya biashara tu. Uzi ni uzi. Mimi mwenyewe sisikii tofauti."

"Vizuri sana. Basi nazitupa." Akainuka na kopo, akaelekea dirishani.

"Dada! Dada, subiri kwanza!"

Alimwomba angalau anuse. Bi Bima akamsogezea kopo. Injinia akavuta pumzi ndefu, na uso mzima ukamlegea. "Ndiye," alisema. "Ndiye mwenyewe."

Mchana huo wateja wa bima walishuhudia mtu mzima akipandisha spika kubwa ngazi kwa ngazi, akiibembeleza na kuitukana kwa zamu. Alipomaliza kuleta kila kitu alikuwa ameloa jasho la halali, huenda kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akazing'oa zile nyuzi zinazong'aa, akazitupa kwenye pipa la karatasi kwa dharau. Akafunga nyeusi na kupiga noti moja ndefu. Machozi yakamdondoka bila aibu.

"Umesikia, dada?"

"Mimi sina sikio, kaka."

Bi Bima alimwangalia akishika kitasa, akamhurumia kweli. Neno likamfika ulimini. Injinia akageuka, akajifuta macho kwa kiganja.

"Lakini dada, hiyo besi yako ni changa mno. Nimebakiwa na kisanduku kimoja, nitakupa kwa bei ya ndugu."

Bi Bima akalimeza lile neno, akamtakia safari njema.

Ukweli ni kwamba Jumapili hakubadilisha uzi wowote. Alichukua pamba na spiriti ya Daktari, akazisugua nyuzi za mjomba mpaka zikang'aa. Zile nyeusi alizitoa kwenye droo ya gereji. Zilikuwa za Wakili, ambaye hupiga besi huku anakula kuku wa kukaanga, na jasho alilolilia Injinia lilikuwa hilo.

Mlango ulipofungwa nyuma ya Injinia, Bi Bima aliinama akaziokota nyuzi za mjomba kutoka kwenye pipa.

Jumamosi spika ilikuwa mahali pake. Visanduku vitatu navyo vilikuwa vinawaka, maana hakuna aliyethubutu kukifungua chake. Ubishi ulikuwa umefika pazuri pale Bi Bima alipopiga noti moja ya chini, ikatoka pana, isiyo na haraka. Wanaume wote watatu wakamgeukia.

"Shemeji," alisema Daktari, "umenunua kisanduku?"

Bi Bima alipiga noti ile ile tena, polepole, kichwa amekiinamisha, akaisikiliza mpaka ikaisha yenyewe.

"Sisikii tofauti yoyote," alisema, na hapo aliwadanganya.