Jaji wa Safu ya Nyuma

Jumatatu, 17 Februari

Mimi ni jaji! Jaji wa kimataifa!

Shindano la wapigapicha chipukizi safari hii linafanyika mjini kwetu. Majaji wanne wanatoka ng'ambo. Wa tano amevunjika mguu. Waandaaji wakapiga simu kwenye chama chetu cha wapigapicha kuomba mtu wa kuziba pengo. Katibu anayepokea simu za chama ni mimi. Nikawaambia wanipe muda nimtafute mtu mwenye hadhi. Nikampata palepale.

Mpwa wangu, binti wa dada, anashiriki. Amekuwa msaidizi wangu wa studio tangu alipokuwa mtoto wa kubebeshwa stendi ya kamera. Watano watakaochaguliwa watapelekwa kusoma mwaka mzima kwa mabingwa. Akikosa, dada ameshakata shauri: matokeo yakitoka tu, binti anakwenda kukaa kaunta kwenye duka la dawa la shemeji, na habari za kamera ziishe. Binti hali wala hanywi.

Nimempa habari njema. Badala ya kushangilia, akasema ama nijitoe mimi, ama atajitoa yeye. Hataki kubebwa. Nikamwambia sawa, nimejitoa. Mtoto asiyejua dunia hujibiwa hivyohivyo.

Alhamisi, 20 Februari

Tatizo. Majaji hawaonyeshwi majina. Kila mshiriki ana picha nane na namba tu. Nitamjuaje wangu?

Nikawaza usiku kucha, yaani mpaka saa tatu. Jibu: alama. Kitu kimoja kidogo ndani ya kila picha, kitu ambacho hakuna mtu mwingine atakifikiria. Nimechagua mwavuli mwekundu. Nilijiona nimepatia.

Nikampa binti ushauri, kama mtaalamu tu, bila kugusia ujaji. Nikamwambia rangi nyekundu huipa picha uhai, na mwavuli huipa umbo. Akasema asante Mjomba, akaendelea kukata picha za pasipoti. Kwetu hiyo maana yake ndiyo.

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya ujaji. Ukumbi una viti vya sponji, mapazia yamefungwa, simu tumenyang'anywa mlangoni. Tukatia saini kwamba hatuna ndugu shindanoni. Nilitia saini bila kusita. Mpwa si ndugu, mpwa ni mpwa.

Mwenyekiti ni mama mtu mzima aliyepiga picha za vita, sauti yake ya chini lakini watu wananyooka wakiisikia. Kuna Mhariri wa gazeti moja la ng'ambo, ambaye miaka ya nyuma alizikataa picha zangu kwa barua ya mstari mmoja. Hajanikumbuka. Hilo limeniuma kuliko barua. Wengine wawili ni walimu wa chuo, wanaitikia kwa vichwa tu.

Nimekaa safu ya nyuma kabisa, peke yangu. Ukikaa nyuma unaona kadi za wenzako kabla hujanyanyua yako.

Picha zikaanza kupita ukutani. Ndiyo ni kadi nyeupe, hapana ni nyeusi. Mshiriki wa tatu: mwavuli mwekundu! Moyo ukanipasuka kwa furaha. Nyeupe! Wa saba: mwavuli mwekundu. Nikasita. Nyeupe. Wa kumi na mbili: miavuli miwili. Kufika mchana nilikuwa nimepoteza hesabu. Mwavuli mwekundu kwenye ukungu, mwavuli mwekundu jangwani, mwavuli mwekundu juu ya kichwa cha mbuzi. Kumbe kila kijana duniani aliyeshika kamera ana mwavuli mwekundu!

Nilizipitisha zote. Mhariri akageuka akaniuliza kwa upole kama familia yetu inauza miavuli. Watu wakacheka. Nikajikaza kisabuni.

Jioni nikapitia kwa dada kupeleleza. Nikamuuliza binti, kwa kuzungukazunguka, alipiga picha za nini. Akajibu kwamba sheria inamkataza kusema, na kwa kuwa mimi si jaji, nina haja gani ya kujua? Nikasema ni mapenzi ya mjomba tu. Dada akaniambia mtoto amekonda, nisimchokoze.

Jumanne, 4 Machi

Baada ya kuchuja, mwavuli uliobaki ni mmoja. Msichana juu ya daraja, mvua, mwavuli. Picha nzuri, zinafaa kalenda. Ndiye wetu, bila shaka. Nimejivunia. Damu yangu ile!

Leo ni kazi ya mezani. Picha nane za kila mshiriki zinapangwa mezani, kisha kila jaji anaondoa moja anayoona haina kazi. Mwenyekiti alieleza kwamba picha moja nzuri inaweza kuwa bahati. Wao wanamtafuta mtu aliyekiona kitu ambacho hakuna aliyemtuma akione, akakifuata mpaka mwisho. Akasema chipukizi anajulikana kwa swali moja: je, unatamani kuona picha ya tisa?

Kwenye zile za daraja, Mhariri aliondoa moja, kisha nyingine, kisha tatu kwa mpigo. Akasema ukiondoa mwavuli, hakuna kitu. Nikamwambia ukimwondolea mtu moyo pia hakuna kitu. Mwenyekiti akaandika. Nadhani nilimgusa.

Halafu ikaja namba ambayo wote waliing'ang'ania isipokuwa mimi. Picha nane za mtu mmoja, zote kwa nyuma. Kisogo! Shingo yenye mikunjo, kipara cha duara utosini. Anapanda ngazi na stendi ya kamera begani. Anagombana na mita ya umeme. Anamrekebisha bi harusi shela. Amejilaza juu ya meza ya watu. Uso hauonekani hata mara moja. Wenzangu walibishana nusu saa ni ipi iondolewe, wakashindwa. Nikasema ziondolewe zote nane.

Nilisema mengi na sijutii. Nilisema mtu mwenyewe amekaa kama gunia lililosahauliwa. Nilisema ni mpigapicha wa mitaani, wa hali ya chini, hana mbele wala nyuma. Mhariri akasema nyuma anayo. Hata shati lake ni baya, ingawa nami ninalo la namna hiyo. Mashati yale yako mengi.

Mwenyekiti akasema aliyepiga picha hizi anampenda sana huyu bwana. Sikuona upendo wowote. Niliona mikunjo.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Nafasi nne zilijazwa asubuhi. Ya tano, mvutano: mwavuli au kisogo. Mwenyekiti na Mhariri kisogo. Walimu wawili, waliochoka kubishana nami, mwavuli. Kura ya mwisho ikawa yangu. Sijawahi kuwa mtu muhimu kiasi kile. Nikakohoa. Nikainuka. Nikasema kwa dhamiri safi, bila kumpendelea mtu yeyote, mwavuli.

Imekwisha! Binti ameokoka na kaunta ya dawa. Nilizichukua zile picha za daraja mwenyewe, nikaenda mbele kuzibandika kwenye ubao wa washindi. Zilipinda kidogo, nikawa nazinyoosha. Mwenyekiti akaniomba, kwa sauti yake ile ya chini, nisigeuke. Nikadhani ni heshima. Nikasimama wima.

Nikasikia viti. Nikasikia hatua. Mtu akaleta karatasi karibu na shingo yangu, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Mhariri alianza kucheka kwanza. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Nikaonyeshwa. Nikakana. Nikaletewa vioo viwili kutoka msalani, kimoja mbele, kimoja nyuma. Ni kweli ninayo ile mikunjo. Hakuna aliyewahi kuniambia, hata mke wangu!

Wakafungua bahasha ya majina. Mwenyekiti akanisomea, akauliza kama namfahamu mtu huyo. Nikasema jina si geni. Akauliza tena. Nikasema ni binti wa dada. Kwa mara ya kwanza tangu shindano lianze niliogopa kwa ajili yake, si kwa ajili yangu. Niliwaambia hajui lolote, anaamini nilijitoa. Wakampigia. Alisema hivyohivyo, akalia.

Sheria iko wazi: jaji mwenye jamaa anatoka yeye, na kura yake inafutwa. Yangu ikafutwa. Mbili kwa mbili. Panapolingana, mwenyekiti ndiye anayeamua. Akachagua kisogo.

Wakati nakabidhi beji, Mwenyekiti aliniambia kwamba katika miaka yake yote ameona majaji wengi wakiwapendelea jamaa zao, ila hajawahi kuona aliyefanya hila zote hizo ili amwangushe. Sikupenda alivyotabasamu.

Alhamisi, 6 Machi

Binti alikuja studio asubuhi. Hakunisalimia. Akaniuliza kama ni kweli nilisema gunia. Nikamwambia sikujua kuwa ni mimi, ningejua ningesifu. Akacheka huku machozi yanamtoka, sijui ni ya kitu gani.

Nikamuuliza kwa nini nyuma tu, uso wangu una kasoro gani? Akasema tangu ana miaka saba anatembea nyuma yangu amebeba stendi. Kwenye harusi, kwenye mahafali, kwenye ngazi za watu. Kisogo changu ndicho alichokiona zaidi maishani, na kila alipokuwa anaogopa ukumbi uliojaa wageni alikitazama hicho.

Kisha nikapiga hesabu. Kama nisingetangulia, angepiga picha ya nani? Nimemwambia aliandike hilo kwenye hotuba yake. Nimeagiza kibao kipya cha studio: Mwalimu wa Bingwa wa Dunia.

Jumapili, 30 Machi

Uwanja wa ndege. Tulimsindikiza binti, dada analia toka nyumbani. Mimi sikulia. Mtu lazima awe imara.

Pale langoni nilikutana na askari wa ukaguzi ambaye hakuwa na habari kabisa na shindano. Nikamweleza tangu mwanzo: nilivyokiona kipaji, nilivyokilea, nilivyopigana ndani ya ukumbi wa majaji mpaka mwisho. Alisikiliza vizuri, ingawa alikuwa akitazama juu ya bega langu na kunyoosha kidole nyuma yangu. Nikamwambia asinikatize.

Nilipomaliza nikageuka. Mlango umeshafungwa. Dada anasema binti aliniita mara tatu, akasimama na kamera mkononi akingoja nigeuke, mpaka wakamvuta aingie. Sidhani. Ningesikia.

Mwaka mzima, na kaondoka bila kumuaga mjomba wake. Nimemwambia dada kwamba nitamwandikia barua kali kuhusu adabu.