Maji ya Kifua cha Mpwa Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Nimekasirika tangu asubuhi. Hata chai haikupita. Mkuu wa maabara katangaza mbele ya wote kwamba akistaafu mwezi ujao, kiti chake atakikalia "anayefaa". Alipotamka hivyo, macho yakamwendea yule ninayemwita Kiherehere. Kiherehere! Msichana wa juzi juzi, koti lake bado lina mikunjo ya dukani. Mimi nimeinamia hadubini ya hospitali hii mpaka shingo imepinda.

Huyu binti hatulii maabara, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Daktari wa watoto akisema kuna mtoto mwenye nimonia, maji yamejaa kati ya pafu na mbavu, huyoo, anapanda wodini na chupa zake za kuoteshea, zile zenye supu ya kulisha bakteria. Anataka maji yaingizwe humo palepale kitandani, yangali na joto la mtoto. Nikamwambia maji ndiyo yanayokuja maabara, maabara haiendi kwenye maji. Akacheka. Eti bakteria wa kifuani wanadeka, wakicheleweshwa wanakufa. Wanadeka! Bakteria!

Atanikoma. Ufunguo wa stoo ninao mimi, na chupa zote nimezifungia ndani. Kesho apande wodini na mikono mitupu tuone.

Jumanne, 4 Juni

Dada yangu kanipigia simu analia. Binti yake mdogo, yule wa chekechea, kalazwa hapa kwetu. Nimonia. Homa haishuki, anahema kama aliyetoka mbio, na picha ya kifua inaonyesha maji upande mzima wa kushoto. Dawa anazopewa hazimsaidii. Daktari anasema lazima maji yapimwe ajulikane bakteria gani, ndipo ijulikane dawa gani. Dada kasema, kaka, Mungu alikuweka hapo kwa ajili yetu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mjomba yupo. Na nilimaanisha. Mtoto yule ndiye mtu pekee kwenye ukoo mzima anayecheka nikisimulia habari za kazini.

Halafu wazo likanijia, zuri mno! Bakteria wa mpwa wangu nitamwotesha mimi, nitamtaja mimi, mbele ya Mkuu. Kiherehere atabaki kufuta meza.

Alasiri daktari kamchoma sindano ubavuni. Maji yakaletwa kwenye kichupa kikavu, maana zile chupa za supu "hazikuonekana". Mazito, ya njano, karibu yawe usaha. Kiherehere kanyoosha mkono. Thubutu! Nikayanyakua, nikamwambia haya ni mambo ya familia. Tatizo likawa Mkuu: yuko kikaoni, na mimi siwezi kufanya kazi kubwa namna hii bila mtu wa kuiona. Basi nikayaweka kwenye friji, nyuma kabisa, yalale salama. Nyama inakaa humo, maziwa yanakaa humo, bakteria ana nini cha kujivunia?

Jumatano, 5 Juni

Siku njema, kasoro mtu mmoja. Mkuu kaja, kasimama begani kwangu. Nikatandaza maji kwenye sahani ya kuoteshea kwa mkono wa fundi, huku nikieleza kila hatua kwa sauti. Nikaiingiza kwenye kabati la joto. Mkuu kakohoa. Nimelichukulia kama sifa.

Kisha Kiherehere kaja na unyenyekevu wa kuigiza, anaomba tone moja tu la yaliyobaki. Ana kipimo cha haraka cha karatasi, eti kinamtambua bakteria hata akiwa maiti. Nikamuuliza maiti katoka wapi. Akatazama friji. Lile jicho! Damu ikanichemka. Nikayamwaga yote kwenye sinki mbele ya macho yake, nikafungulia bomba. Akashika kichwa.

Dada kauliza kama kuna majibu. Nikamwambia yako jikoni.

Alhamisi, 6 Juni

Sahani nyeupe. Safi. Hakuna kilichoota, hata doa. Nimeigeuza huku na huku, nimeiweka kwenye mwanga, nimeitukana. Hakuna.

Mkuu kaniuliza maji yalilala wapi. Nikasema. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema kwa upole ulionichoma kuliko tusi kwamba bakteria wa namna hii baridi inamuua, na kwamba hilo nilipaswa kulijua tangu chuoni. Ebo! Mdudu anayemlaza mtoto wa watu kitandani anashindwa na friji? Hapo kosa ni la nani, langu au la mdudu?

Akataka yaliyobaki. Nikamwonyesha sinki.

Basi ikabidi mtoto achomwe tena. Mkuu kanipokonya ufunguo, Kiherehere katoa chupa zake, tukapanda wote watatu. Dada akaniomba nimshike mtoto mabega. Nikamshika. Mwepesi vile, na joto lake likapita mpaka kwenye koti langu. Sindano ilipoingia hakumwita mama. Aliita, mjomba, waambie waache! Aliita zaidi ya mara moja. Nikakaza mikono kama nilivyoagizwa.

Nimewakasirikia wote. Daktari mwenye sindano nene, Kiherehere aliyekuwa akiingiza maji kwenye chupa bila hata kupepesa jicho, dada aliyegeukia ukutani. Nimerudi nyumbani nikashindwa kula. Bila shaka ni mafuta ya hoteli ya jana.

Ijumaa, 7 Juni

Imeota! Chupa ya Kiherehere imechafuka yote, na kile kipimo chake cha karatasi nacho kimemtaja mdudu huyo huyo. Dawa aliyokuwa akipewa mtoto haimtishi hata kidogo. Daktari kabadilisha dawa papo hapo, kaweka na mpira ubavuni wa kutoa usaha uliobaki.

Wamempigia Kiherehere makofi. Makofi! Nikawakumbusha kwamba mtoto ni wa kwetu. Wakaendelea kumpigia yeye.

Jumatatu, 10 Juni

Homa imeshuka. Nimepanda wodini na pipi mfukoni, nikitarajia shukrani. Dada kanisubiri mlangoni. Daktari keshamweleza yote, mdomo hauna breki yule. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kaka, mwanangu akiungua pale kitandani, wewe ulikuwa unashindana na nani? Swali gani hilo! Nikamwambia na Kiherehere, nani mwingine? Akanipa mgongo, akaingia ndani.

Nikamfuata. Mtoto amekaa, anachora, anapumua vizuri, sura imerudi. Roho yangu ikatulia kidogo. Aliponiona na koti jeupe akaacha kalamu, akajifunika ubavu wa kushoto kwa mikono yote miwili. Nikatoa pipi. Hakuondoa mikono. Nani kamfundisha yule mtoto kuniogopa? Namjua. Ana koti la mikunjo.

Jumanne, 11 Juni

Wanadhani sijifunzi! Leo kaletwa mtoto mwingine, mvulana wa mshona viatu wa pale nje ya geti, kifua kimejaa maji vilevile, mama yake kakaa sakafuni anamshika mguu. Safari hii nimewahi mimi wodini kabla ya Kiherehere. Maji yakatoka, nikayapokea kwa mkono wangu kwenye kichupa kikavu, nikashuka nayo.

Friji? Mimi si mjinga. Yako kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, yana joto zuri kabisa. Mkuu ameingia kikaoni sasa hivi. Namsubiri atoke aone.