Ombi la Kumfelisha Consolata

Kwa Mwalimu Bryson,
Darasa la Kiingereza la Jioni, Pongwe.

Mwalimu, marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, nimeipokea mapema ili tuanze. Anayeniandikia ni Bi Nilofer wa dukani. Amenisihi nipunguze ukali. Nimemwambia yeye kazi yake kalamu.

Mimi ni bibi yake Consolata, unayemfundisha kusema kwa Kiingereza kitu kiko wapi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kitabu chako kinaanza na paka juu ya meza. Paka huyo kalelewa na nani? Meza ni ya chakula. Kwa ajili ya zoezi lako Consolata alimpandisha paka wetu, akishuka anarudishwa. Siku hizi hapandishwi tena, anapanda mwenyewe na kungoja samaki kama mgeni wa mwaliko.

2. Mbuzi yangu ya nazi niliitafuta hadi maharage yakaliwa bila tui. Kumbe iko chini ya kitanda, eti inafanya zoezi. Nilipouliza nikajibiwa Kiingereza, tena na mtoto niliyemfunga nepi kwa mikono hii, akasimama angoje sifa.

3. Ukurasa wa pili kuna mwanamume nyuma ya mlango, anacheka. Anafanya nini huko? Mwenye nia njema hupiga hodi. Msichana akikuta mwanamume nyuma ya mlango hatungi sentensi, anapiga yowe. Lakini huyu wangu alimwomba Timotheo wa bodaboda, aliyetuletea unga, akasimame nyuma ya mlango wangu ili asomewe ile sentensi. Naye alikubali upesi mno.

4. Na yote haya ya nini? Aende akaajiriwe hotelini Ushongo, awaambie wageni taulo liko juu ya kitanda. Mtu kavuka bahari nzima hakupotea, aje apotee chumbani, taulo liko mbele ya pua yake? Huyo hamhitaji mjukuu wangu, anahitaji daktari wa macho. Anayemhitaji mjukuu wangu ni mimi. Akienda nabaki na paka, na paka mwenyewe umeshaniharibia.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mtihani wa Jumamosi umfelishe. Umfelishe kwa upole, asilie. Kila kitu kirudi mahali pake: paka sakafuni, mbuzi jikoni, Timotheo barabarani, Consolata Pongwe.

Msalimie mama yako, naamini alijitahidi. Wasalimie wanafunzi wote, na mkeo pia, kama umempata wa kukuvumilia.

Ni mimi, Bibi Anastazia.
(Dole gumba hilo ni langu.)

Nyongeza: Bi Nilofer alikuwa anatafuta bahasha, nimemrudisha kwenye kalamu, maana namsikia Consolata ndani. Anakosea lile la mlango, anarudia, anakosea tena, anajiita mjinga. Nyumba hii haijazaa mjinga. Paka nimempandisha mezani mwenyewe. Mbuzi nimeisukuma chini ya kitanda. Timotheo ameitwa, atasimama, mlango ukiwa wazi na mimi nimekaa kizingitini. Akifeli Jumamosi, Mwalimu, nakuja kwako, na usijifiche nyuma ya mlango.