Mkono Alioushika Valerian

Jumapili, 7 Septemba 2025

Misa ya pili, hapa Mtoni. Wakati wa kutakiana amani, Valerian alimpa mkono Felicitas wangu. Mikono miwili! Mie alinipungia tu kutoka benchi la kwaya. Huyu ndiye aliyekuwa mchumba wake kabla yangu. Anaimba besi, kila mtu anampenda. Sijala mchana.

Jumatatu, 8 Septemba

Nafuu. Kazini Kurasini makontena yamekwama, nikapata muda wa kusoma kwenye simu. Seli za ngozi ya juu huishi wiki chache tu, kisha hupukutika. Kwa hiyo ngozi aliyoishika jana itakuwa vumbi kabla Oktoba haijaisha. Safi sana! Ningeishia hapo. Nikaendelea. Utando wa tumbo, siku chache. Chembe nyekundu za damu, miezi minne hivi. Seli nyingi za ubongo: maisha yote. Maana yake zile zilizompenda Valerian bado zimo mle, nzima kabisa.

Ubongo siuwezi. Ngozi naiweza. Asiguswe tena.

Jumatano, 10 Septemba

Baba yake Felicitas, Mzee Gregori, amekubali kupokea mshenga Jumamosi. Ila kasema atamsikiliza mtu mmoja tu: Valerian. Nikapinga. Felicitas akaniuliza nataka kuoa au nataka kugombana. Basi mie nitabaki nyumbani, na yule ndiye atakayekaa sebuleni kwao akinisifia. Nilipomwomba alikubali papo hapo, akaniita mdogo wangu. Tumezaliwa mwaka mmoja!

Alhamisi, 11 Septemba

Mkakati. Nimemnong'oneza Valerian kwamba nyumba ile wameingiliwa na upele, asimpe mtu mkono. Kanishukuru sana. Mjanja mie.

Jumamosi, 13 Septemba

Balaa. Valerian kaingia na mikono mfukoni. Mzee Gregori kanyoosha wake, ukabaki unaning'inia. Bibi yake Felicitas akauliza huyu kalelewa na nani. Valerian hajui uongo. Kaeleza yote, upele na jina langu. Barua ya posa imerudishwa. Felicitas kanipigia akilia: nisikanyage kwao. Nimelia, kisha nimejiuliza nani alimpa kitambaa cha kujifutia machozi.

Jumapili, 14 Septemba

Valerian karudi kwa kina Felicitas bila kutumwa, kaniombea mpaka Mzee Gregori kacheka. Adhabu yangu: niende mwenyewe, nimpe mkono kila mtu wa nyumba ile. Nimekwenda. Shikamoo bibi, shikamoo mama, mpaka wapangaji wa uani, mmoja ana sabuni ya kufulia hadi kwenye viwiko. Bibi kanishika muda mrefu, akaniuliza kama najisikia kuwashwa.

Wa mwisho Felicitas. Nikamweleza ukweli: seli, ngozi, ubongo, wivu. Kacheka hadi kakaa kwenye ndoo. Akasema, Lusungu, we mwanaume una kazi. Hizohizo seli zinazomkumbuka Valerian ndizo zinazokukumbuka na wewe pia, na niliyemchagua ni wewe. Posa imepokelewa! Nimerudi nikiimba. Wivu umekwisha, nimekuwa mtu mpya.

Jumatatu, 15 Septemba

"Na wewe pia." Pia! Na kwa nini alianza kumtaja Valerian?

Nimesoma kuhusu moyo. Seli zake nyingi hazibadiliki.

Leo naanza kumtafutia Valerian mke. Awe wa mbali. Bukoba ingefaa, nasikia ukishafika kule, kurudi ni uchovu mtupu.