Mjane, Kondoo na Insha Yangu

Jumamosi, 7 Juni

Kosa wanalofanya wengi ni kusoma kitabu kabla ya kujua watasema nini juu yake. Matokeo yake husoma kurasa zote, nyingine bila sababu. Nilikuwa afisa wa kilimo Tetu hadi nilipostaafu. Sikuchimba shamba zima ili kujua udongo wake. Unachukua konzi moja, unatia mfukoni, basi.

Bi Nyawira, anayetufundisha fasihi sisi wazee katika ukumbi wa kanisa hapa Nyeri, bado hajaelewa jambo hili. Ni kijana. Leo amenirudishia insha. Kitabu chenyewe ni riwaya ya mjane ambaye kila jioni humpakulia chakula mwanawe aliyekwenda mbali. Nilieleza, kwa subira, kwamba mahindi ya huyo mama yamebanana mno: nafasi ifaayo ni sentimita sabini na tano kwa thelathini. Bi Nyawira akasema, kwa heshima zote, Mzee Theuri, umekagua shamba lakini hukusoma kitabu. Anataka tafakuri binafsi. Kitabu kimenigusa wapi? Niilete Jumamosi ijayo. Nikishindwa, siendi Kerugoya mwezi wa nane kuchukua cheti na wenzangu.

Siendi! Na nimekwisha kutangaza kanisani. Na wakwe zangu wa Kangema wamealikwa, wale waliosema zamani kwamba binti yao ameolewa na mtu wa mbolea. Na ngoima, kondoo dume tunayemnonesha kwa ajili ya siku hiyo, yuko kizizini nyuma ya jiko akila majani ya viazi vitamu. Amenitazama leo kama mtu anayesubiri jibu.

Jumatatu, 9 Juni

Mpango. Moffat Kahiga, chifu mstaafu, mwanafunzi mwenzangu na mtu wa kujionyesha, amekisoma kitabu chote. Hulitangaza jambo hilo kila mahali. Nikamvizia kwenye kituo cha maziwa asubuhi, baridi ya kukata masikio. Nikamwuliza, kama mtu anayempima mwenziwe, mwisho wa riwaya aliuonaje.

Kahiga akasema ng'ombe wake kiwele kimevimba. Nikamweleza kiwele. Nikamweleza usafi wa mikono, vitambaa, na jinsi ya kukamua titi bovu mwisho. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akasema mwisho wa riwaya ni mtamu ajabu: mjane anaolewa na pasta na wanahamia Nakuru.

Pasta! Nimeandika ukurasa mzima juu ya ndoa za uzeeni. Kazi nzuri. Nimempa ngoima majani zaidi.

Jumatano, 11 Juni

Hakuna pasta.

Mama Wangui, yaani mke wangu Wamucii, aliuchukua ukurasa wangu ili awashie moto, akausoma, akacheka hadi akashika meza. Kumbe alikuwa amekifungua kitabu jana wakati nalisha kondoo. Akasema, "Ati pasta? Baba Wangui, katika kitabu hiki hata kanisa hamna!"

Kahiga! Na kiwele chake kimepona!

Jioni hakuangalia sufuria. Alikaa karibu na meko na kitabu, githeri ikaungua, nikala mkate. Alipofika mwisho alilia. Sijamwona akililia karatasi tangu ile bili ya umeme. Nikaketi ili nimfafanulie alichokuwa akikihisi, lakini hakunipa nafasi. Aliongea. Aliongea huku akichambua maharagwe, bila kunitazama, habari za mjane na sahani yake na mambo mengine mengi.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Zuri mno! Nikachukua kalamu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimenakili yote. Kila alichosema, nimeandika. Si wizi. Mtu akivuna chai, kiwanda hakimwombi msamaha. Mimi ni kiwanda: nimekausha, nimepanga aya, nimetia mkato panapostahili.

Sikupata muda wa kuisoma tena. Nilikuwa nikimweleza jirani kuhusu minyoo ya kondoo. Lakini mwandiko ni safi.

Nimekutana na Kahiga njiani. Akaniuliza, kwa sauti ya asali, kama nimemtaja pasta. Nikasema nimemtaja kwa kirefu. Akatabasamu hadi kofia ikasogea. Acha afurahi.

Jumamosi, 14 Juni

Bi Nyawira akauliza nani angependa kusoma kazi yake mbele ya darasa. Nilisimama kabla Kahiga hajakohoa. Nikatumia sauti yangu ya baraza, ile iliyowafanya watu wa Tetu wapogoe kahawa.

Aya ya kwanza: mjane anapoweka sahani ya mtu asiyekuja, anamlisha nani? Anailisha saa ile, ili isipite bure. Bi Nyawira akaweka kalamu chini. Kahiga akaacha kutafuna. Nikajisikia mrefu.

Aya ya pili. Nikasoma, kwa sauti ileile ya baraza: "Mimi pia niliweka sahani. Nilipokuwa nikimnyonyesha Wangui..."

Tatizo la sauti ya baraza ni kwamba haina breki. Nikaendelea. "...mume wangu alikuwa semina ya mbolea. Aliporudi hakuniuliza nilikuwaje. Alinieleza mbolea. Amekuwa akinieleza tangu siku hiyo. Nyumba imejaa maelezo, na mimi bado nasubiri mtu aje mezani."

Nikaketi.

Kahiga akauliza kama mtoto alinyonya vizuri. Ukumbi ukapasuka! Mzee mmoja nyuma alitoa meno yake ili acheke bila hofu. Nikasimama tena na kuwaeleza, kwa utulivu, kwamba katika fasihi huyo anaitwa nafsi ya msimulizi, na si lazima awe mwandishi. Na ni kweli. Nikaeleza kwa mifano. Hawakunyamaza.

Bi Nyawira hakucheka. Alinisubiri nje, wengine walipokwenda, akasema kwamba tangu aanze kufundisha hajapokea tafakuri bora kuliko ile, na mwenyewe, yaani Mama Wangui, aje darasani Jumamosi ijayo. Nikamwuliza, na mimi? Akasema, "Wewe, Mzee, nakupa juma moja la mwisho. Nenda nyumbani umwulize mama swali moja ambalo hujawahi kumwuliza. Usikilize hadi amalize. Kisha uandike ulichohisi."

Swali moja! Nilidhani atanipa kazi ngumu.

Jumapili, 15 Juni

Mke wa Kahiga alimweleza Mama Wangui kila kitu kabla ya wimbo wa kwanza. Nilijiandaa kwa dhoruba. Haikuja. Baada ya ibada mke wangu alitoa gauni lake la samawati, akalipiga pasi, akalitundika mlangoni kwa ajili ya Jumamosi. Halafu akaenda kizizini, akamkuna ngoima nyuma ya masikio na kumwambia kwamba sasa amepata mwenye sherehe halisi. Tena wageni wanaotoka Kangema ni ndugu zake. Watafurahi maradufu, akasema. Mimi nitachoma nyama.

Kondoo hakunitazama hata kidogo.

Lakini kazi ya mwalimu ni kazi ya mwalimu. Nikamketisha mke wangu mezani, nikammiminia chai kwa mkono wangu. Akashangaa. Akaacha kila kitu, akanitazama kama alivyonitazama zamani Kangema, kabla ya mbolea. Nikamwuliza swali ambalo kwa hakika sijawahi kumwuliza: je, anaelewa maana ya nafsi ya msimulizi?

Akafungua mdomo. Nikaona atachelewa, nikamweleza.

Alikunywa chai yake yote, akachukua kitabu, akaenda kuketi na ng'ombe.

Jioni nimechambua mambo haya bila upendeleo, na kosa nimelipata. Ni dogo. Nilichagua mtu aliyenyonyesha. Ningechukua hisia za mwanamume, hakuna ambaye angetambua. Sasa, Dedan, mlinzi wa kanisa, ni mjane wa kiume, ana mwana aliyekwenda mbali, na hulia kirahisi hata kwenye harusi. Tena anapenda maziwa.

Kwa hiyo, leo, kabla giza halijaingia: chukua kalamu, chukua chupa ya maziwa, nenda kwa Dedan.