Kengele Ndani ya Mkoba

Jumatatu, 4 Machi
Mhariri katangaza ukurasa mpya wa vijana. Unahitaji msimamizi. Moyo ukanidunda! Miaka kumi na minne niko ukurasa wa matangazo: waliofariki, waliohitimu, waliopotelewa na vyeti. Keshokutwa mimi na mwandishi wa michezo tunatumwa sekondari kuwaeleza wanafunzi kazi ya uandishi wa habari. Atakayewavutia, kasema Mhariri, ndiye atakayefikiriwa. Huyo wa michezo anaitwa Bingwa. Kajipa mwenyewe! Ana sauti ya redio. Watamshangilia hata akiwasomea orodha ya sabuni.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwambia Bingwa ziara yetu imegawanywa: mimi kesho, yeye Alhamisi. Akashukuru, akanipiga begani. Nilijisikia vibaya kwa kama hatua tano.

Jioni nikamsomea mama watoto hotuba yangu. Kufika ukurasa wa pili, kasinzia na mwiko mkononi. Hotuba haitoshi. Wanafunzi wanahitaji tukio. Na kama tukio halipo? Nimepata! Mimi ni hatari.

Jumatano, 6 Machi
Balaa tupu. Nilifika mapema. Kengele ya shule ni ya mkono, ya shaba, hukaa dirishani pa ofisi ya walimu. Nikaifunga ulimi kwa leso, nikaitia mkobani. Kisha darasani, wanafunzi arobaini. Nikawafundisha: msimwamini mtu mmoja, tafuteni wa pili. Anayetuhumiwa lazima aulizwe upande wake. Nilisema vizuri hadi mwenyewe nikaguswa.

Mara mwalimu wa zamu akaingia akihema: kengele haionekani! Nikawageukia wanafunzi. Haya, waandishi, kazi hiyo! Mpango ulikuwa wahangaike saa nzima, kisha niitoe mkobani, wapige makofi.

Walitumia dakika ishirini na mbili.

Yupo binti wa kidato cha tatu, wenzake humwita Swali la Pili, maana la kwanza halimtoshi. Mlinzi wa getini alimwambia mgeni aliingia na mkoba mtupu. Mfagizi akamwambia alimwona mgeni huyo huyo dirishani pa ofisi. Wawili! Akanijia na daftari, heshima tele.

"Shikamoo mzee. Mkobani mna nini?"

Mzee! Nina miaka arobaini na minne. Nikasema makaratasi.

"Makaratasi gani yana mpini?"

Ningecheka pale pale, yakaisha. Lakini mwalimu mkuu alikuwa mlangoni, na uso wake haukuwa na kicheko hata cha kuazima. Kidato cha nne walikuwa kwenye mtihani wa hesabu. Kengele haikulia, chumba kimoja kikaendelea kuandika, kingine kikaacha. Mtihani umefutwa! Watarudia Jumamosi. Binti akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema sina. Mwalimu mkuu akaingiza mkono mkobani, akaitoa mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeshinda nimejikunyata nyuma ya kompyuta. Bingwa kaenda shuleni leo, kama nilivyompangia kwa mdomo wangu huu huu! Kakuta darasa zima limeshaandika habari. Hakulazimika kuhutubia. Kasahihisha nukta mbili, kaileta ofisini. Mhariri kaisoma amesimama. Kasema hajasoma habari safi namna hii mwaka huu.

Nikamwendea, nikamsihi asiitoe. Akaniuliza jambo moja tu: kuna neno la uongo humu? Nikaisoma mara tatu nikitafuta. Hakuna. Hata mkato haujakosewa!

Ijumaa, 8 Machi
Imetoka. Jina langu lote, pamoja na la babu. "Alipoulizwa, mgeni alisema hana la kusema." Mama watoto kawasomea ndugu zake wote kwa simu, tena polepole. Ukurasa wa vijana kapewa Bingwa.

Swali la Pili kaniletea barua kupitia kwake. Anasema kabla sijafika alitaka kuwa mfamasia. Sasa anataka kazi hii yetu, hataki nyingine. Ananishukuru. Niliisoma chooni, mara mbili. Macho yaliniwasha. Ofisi hii ina vumbi sana.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeenda shuleni kuomba radhi. Kidato cha nne walipita mbele yangu kwenda kurudia mtihani. Hakuna aliyenisalimu. Mmoja alinikazia macho mpaka nikakagua vifungo vya shati.

Jumatatu, 11 Machi
Ajabu! Sekondari nyingine imepiga simu. Wamesoma habari, wanataka wanafunzi wao nao waandike hivyo, wanamtaka mgeni yule yule. Mhariri akasita. Nikamwambia nimekaa, nimetafakari, nimelitambua kosa langu. Akalainika, akasema niende.

Na kweli nimelitambua. Nilificha kitu kidogo mno, kitu cha kubebeka mkononi! Shule hii ina basi. Nimeshaulizia dereva wake hula saa ngapi.