Mbwa Mmoja, Mabibi Wawili

Jumanne, 26 Desemba
Jana mezani, mdomo umejaa pudini, mwanangu Garland akatangaza: familia itachukua mbwa mmoja, mkubwa, wa watoto. Lakini wao wanakaa juu ya duka, ua hawana. Kwa hiyo mbwa atalala kwa bibi mmojawapo, na watoto wakitoka shule watashinda huko.

Nikaweka kijiko chini.

Mimi nina Askofu, mbwa wa kwetu Nyufaundilandi, mweusi, mkubwa kama kabati. Mkwe wangu Drusila, mama wa mke wa Garland, ana Biskuti, Labrado wa manjano mwenye mkia wa kuvunja vikombe. Watachagua kati ya hawa wawili tarehe sita Januari, siku tunayoiita Krismasi ya Kale. Shule sikukanyaga, herufi nilijifunzia kwenye magunia ya unga, lakini hili halihitaji shule. Mbwa akiwa wa Drusila, mjukuu wangu Effie na wadogo zake nao ni wa Drusila.

Kwanza nife.

Alhamisi, 28 Desemba
Msimu huu watu huzunguka nyumba kwa nyumba wamejifunika nyuso. Wenyeji wakikutambua, unafunua na kupewa keki. Nikavaa suruali ya marehemu mume wangu, mto tumboni, pazia usoni, nikaingia kwa Drusila wote wakiwepo. Nia: nibebe keki nzima, Biskuti anitingishie mkia tu, Garland aone kwamba hakuna mlinzi hapo. Ili asibweke, nilikuwa nimemhonga samaki mkavu siku mbili nzima.

Kosa. Sijavuka hata kizingiti, mbwa kanirukia kifuani, akalamba pazia mpaka likaanguka. Drusila akasema hata mbwa anamjua mkwe kwa harufu. Garland akamsifu Biskuti: binadamu wote wa ghuba hii hawajawahi kumtambua mtu upesi namna ile.

Kipande cha keki nilichopewa ungekipitisha kwenye tundu la sindano.

Jumamosi, 30 Desemba
Nikamwogesha Askofu, nikamchana kwa brashi ya marehemu, nikawaita wote kwa supu ya njegere waone upole wake. Upole upo. Aliweka kichwa mezani taratibu kabisa, ndani ya bakuli la mke wa Garland. Kisha akajikung'uta. Udenda ukaruka mpaka kwenye picha ya Malkia. Mke wa Garland akauliza, "Mama, haya manyoya huwa yanaisha lini?" Nikamwambia aache kulalamika, afume soksi.

Effie alilala juu ya mgongo wa Askofu kama juu ya godoro. Hilo hakuna aliyeliona ila mimi.

Jumanne, 2 Januari
Mpango mkubwa. Mbwa wa kwetu wanavuta watu majini bila kufundishwa, wanazaliwa hivyo. Nikawaita wote gatini eti tutazame barafu, nikateleza makusudi penye maji ya kiunoni.

Baridi ilipanda hadi kwenye meno ya bandia. Nikapiga mayowe, nikamwita Askofu kwa jina.

Askofu akapiga miayo.

Aliyeruka ni Biskuti. Akaogelea hadi kwangu, akachukua kofia yangu, akampelekea Drusila. Mimi akaniacha palepale. Drusila akacheka mpaka akainama ukingoni, na hapo ndipo Askofu alipoamka: akamdaka aproni, akamburuta gati zima hadi mlangoni pa duka. Mtu mkavu kabisa! Mimi Garland alinitoa kwa mti wenye ndoana, kama kifurushi.

Jumamosi, 6 Januari
Kikohozi. Kitandani tangu Jumatano.

Garland kaja kutoa uamuzi: Askofu. Watoto wamemtaka kwa sauti moja. Nimeshinda! Nikataka kusimama nicheze. Garland akanirudisha kwenye mto akasema, "Mama, tulia, wewe mgonjwa." Kwa hiyo Askofu amehamia kwa Drusila mpaka nipone. Drusila mwenyewe kaja kumchukua, analia, anamkumbatia shingo, anasema, "Mkwe, huyu kaniokoa." Amemletea blanketi la sufu. Mimi ameniachia Biskuti anichangamshe.

Nimeugeuzia ukuta uso. Saa nzima.

Halafu ngazi zikalia. Effie na supu. Nyuma yake wadogo zake na mkate wa zabibu kavu. Wamekaa kitandani kwangu mpaka taa zikawashwa, miguu yao ya baridi chini ya shuka langu, Effie ananisomea, Biskuti ananiletea ndara moja moja. Wamesema watakuja kila siku mpaka nipone.

Walipoondoka nikainuka: nimepona kabisa. Nimeshakanda unga, nimekaanga, nimekula. Wakisikika tena ngazini, nitakohoa. Kesho naongeza kuchechemea.

Anayejua ni Biskuti peke yake, na huyo nimeshamfunga mdomo. Kwa samaki mkavu.